Sultani na sadaka: kusoma Danieli 4

Ndugu zangu, anayetaka kuwanyamazisha watu kwa Biblia hufungua Warumi 13:1, kwamba hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu, kisha akafunga kitabu. Jioni ya leo tuanzie kwa Danieli. Huko kauli iyo hiyo anaambiwa mfalme mwenyewe, usoni.

Fungueni Danieli 4. Mwenye Biblia ya Kiyahudi apunguze aya tatu: 4:27 yetu kwao ni 4:24, maana aya tatu za mwanzo wao huzihesabu katika sura ya 3. Wengi hupotea hapo wanapolinganisha. Tena hiki si Kiebrania. Kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7 ni Kiaramu.

Nebukadreza, mfalme wa Babeli, ameota mti uliofika mbinguni, ukakatwa, kikabaki kisiki chenye pingu ya chuma na shaba. Maana yake ni kwamba Aliye juu anatawala katika ufalme wa wanadamu, naye humpa amtakaye. Maneno hayo yamo katika aya za 17, 25 na 32, yakarudi katika 5:21. "Anatawala" hapo ni shalit, na "mamlaka" ya milele katika aya za 3 na 34 ni sholtan. Mswahili atalisikia mara moja: shina lake ndilo la sultani, neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Sultani wa Babeli anaambiwa kwamba usultani una mwenyewe.

Aya ninayowaomba mkae nayo ni ya 27. Danieli amekwisha kutangaza hukumu, lakini anaongeza shauri: mfalme aache dhambi zake kwa tsidqah, na maovu yake kwa kuwahurumia maskini. Kitenzi kinachotafsiriwa "acha" kina nguvu zaidi. Ndugu yake wa Kiebrania katika Mwanzo 27:40 ni Esau kuvunja nira shingoni. Tsidqah ni haki, lakini shina lake ndilo la sadaka yetu, na tafsiri za kale za Kiyunani zikaandika moja kwa moja "sadaka". Mkilisoma kama haki tu, maskini wanasahauliwa. Mkilisoma kama sadaka tu, mfalme atagawa unga huku akiendelea kunyang'anya mashamba. Naamini Danieli alitaka yote mawili.

Marabi, walimu wa Kiyahudi wa kale, waliiogopa aya hii. Katika Talmudi ya Babeli, mkusanyiko wa mafundisho yao, Bava Batra 4a, wanauliza kwa nini Danieli aliadhibiwa, na jibu ni kwamba alimpa shauri Nebukadreza. Yaani waliona kuwa sadaka ingeweza kumwokoa hata aliyelibomoa Hekalu!

Hukumu ikangoja miezi 12 (aya ya 29). Mfalme akatembea juu ya jumba lake akisema Babeli ameijenga yeye. Matofali yenye muhuri wa jina lake yamefukuliwa huko kwa wingi.

Sasa rudini kwa Paulo. Katika Warumi 13:4 mtawala ni mtumishi wa Mungu "kwa ajili ya mema". Yeremia 27:6 nako humwita Nebukadreza "mtumishi wangu", na aya inayofuata inamwekea kikomo: hadi wakati wa nchi yake mwenyewe utakapofika. Kosa ni kuikata sentensi kabla ya kazi na kikomo kutajwa.

Belshaza, mfalme wa Babeli katika sura ya 5, hawezi kusingizia ujinga. Danieli anamwambia katika aya ya 22 kwamba aliyajua hayo yote. Na yale maneno ya hukumu aliyoandikiwa ukutani, mene, tekeli, peresi, wataalamu wengi huyasoma pia kama majina ya vipimo: mina, ambayo Babeli ilikuwa shekeli 60, shekeli, na nusu. Mfalme aliandikiwa mawe ya mizani, akawekwa upande wa pili, akaonekana amepunguka.