Gololi imetuharibu: ayoni inapopita juu ya chumvi

Wanaonijua hapa Mtwara wanajua naanzia wapi: gololi. Kila mwalimu wa fizikia ukimuuliza ayoni, yaani atomu yenye chaji ya umeme, ikigonga uso wa fuwele inapotezaje nishati, anachora gololi mbili, ndogo inaigonga kubwa, kamaliza, anafuta ubao. Na kwa ayoni inayogonga atomu moja uso kwa uso hana kosa, tena hesabu yake nyepesi: heli ikigonga dhahabu ikapinda nyuzi 90 inabaki na asilimia 96 ya nishati yake, ikigonga oksijeni inabaki na 60. Ndio David Smith kule Marekani mwaka 1967 akaonyesha kwamba ukipima kinachorudi unajua usoni kuna atomu gani. Safi kabisa, sina ugomvi nae.

Ugomvi wangu ni pale ayoni inapokuja imelala, nyuzi moja tu juu ya uso. Chukueni kipande cha chumvi, ile ya mawe inayotoka kwenye mashamba ya chumvi Lindi, sio ya paketi. Kiangalieni kwa lenzi: kona za mraba, uso bapa, ukikipasua kwa wembe kinatoka bapa tena vile vile. Humo ndani ni safu kwa safu, sodiamu klorini sodiamu klorini. Maabara wanapenda zaidi ndugu yake, lithiamu floridi, mpangilio ule ule. Sasa protoni ya polepole, yaani ayoni ya haidrojeni, yenye nishati ya elektronivolti 1,000 ikija kwa nyuzi moja, nishati inayoishusha chini ni kama elektronivolti 0.3 tu, itapenya wapi? Haigongi atomu moja, inasukumwa na safu nzima kidogo kidogo. Na hasara ya kugongana inafuata mraba wa pembe ya kupinda, kwa hiyo atomu 10 zikigawana kuipinda, kila moja inachukua 1 ya 100, jumla 1 ya 10 ya ile ya gololi. Inayobaki ni hasara ya elektroni, yaani nishati inayochukuliwa na elektroni za uso, na hiyo ndio hamuifundishi.

Najua kuna mtu anataka kusema "mwalimu, si umesema ni ya polepole?" Polepole gani, inakwenda kilometa 440 kwa sekunde, Dar mpaka hapa haimalizi sekunde mbili, na ile barabara mnaijua wenyewe! Ila elektroni ya haidrojeni inakwenda kama mara tano ya hapo, ndio inayolinganishwa nayo.

Kwenye metali elektroni ziko huru, zinapokea hata nishati kiduchu, kwa hiyo msuguano unafuata kasi, kasi ikipungua nusu nao unapungua nusu. Fermi na Teller walishalisema 1947, tusonge.

Kwenye chumvi sasa! Elektroni imefungwa, kuifungua kwenye lithiamu floridi kunataka kama elektronivolti 14, na protoni yetu ikiigonga elektroni iliyotulia inaipa 2 na kitu tu. Kwa hesabu hiyo ingeteleza bure. Mwaka 1997 watu wa Austria wakapitisha protoni ndani ya utando mwembamba wa floridi hiyo, zikaendelea kupoteza nishati hata kwenye kasi ndogo. Mwaka uliofuata Helmut Winter na wenzake Berlin wakazipitisha juu ya uso, zimelala, na hao ndio wakakiona kizingiti, yaani kasi ambayo chini yake hasara hiyo inakatika. Maelezo yao mimi yananikosha: protoni ikishapata elektroni moja ni haidrojeni, nayo ikipita karibu na floridi inainyakua elektroni yake, inakuwa ayoni hasi, mbele kidogo inaiachia, na kila inaponyakua gharama inakatwa kwenye mwendo wake. Ikiwa polepole sana haiwezi kunyakua, basi hakuna cha kulipa.

Nimeshaonyeshwa saa. Atomu kutetemeka kwa joto, ngazi ngazi za usoni, yote nayaruka. Heli niseme moja tu: nyingi zinarudi zimeshachukua elektroni, sio ayoni tena, kipimo cha umeme hakizioni, na zilizozama tabaka la pili ndio kabisa, kwa hiyo zile chache zinazohesabiwa zimetoka tabaka la juu. Fomula nitaziandika ubaoni wakati wa chai. Haya, maswali, na yawe mafupi.