Mikwaju 121: Mkorofi Katika Mchezo wa Waungwana

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Tangazo lilisema leo nitazungumzia filamu za vichekesho, na kweli nitazizungumzia, ila mnivumilie kidogo nianze na fomu. Fomu ya kujiandikisha, karatasi ya kawaida kabisa.

Mwaka 1976, huko Barrow-in-Furness, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, alikuwepo mwendesha kreni wa kiwanda cha meli aitwaye Maurice Flitcroft. Ana miaka 46. Gofu ameianza juzijuzi tu. Akaomba fomu ya kushiriki Open, mashindano makubwa ya gofu yaliyo makongwe kuliko yote duniani. Yamekuwepo tangu 1860. Fomu ikamuuliza: wewe ni mchezaji wa ridhaa au wa kulipwa? Ukisema wa ridhaa, unatakiwa uonyeshe handikapu yako, yaani ile namba inayoeleza kiwango chako, na namba hiyo huipati bila kuwa na klabu. Maurice hakuwa na klabu. Ukisema wa kulipwa, namba haitakiwi. Akaweka alama kwenye "wa kulipwa", akaituma, akaenda zake ufukweni kufanya mazoezi, na kitabu cha mafunzo alichoazima maktaba.

Ndugu zangu, hapo filamu imeshakwisha. Yaliyobaki ni picha tu.

Maana waliotunga ile fomu hawakuwa wajinga. Waliweka mlango mgumu kwa wa ridhaa kwa sababu walijua wa ridhaa ni wengi na wengine wababaishaji. Lakini wa kulipwa? Nani atajiita mchezaji wa kulipwa kama siye? Muungwana hawezi kufanya hivyo. Ulinzi wote wa upande ule ulikuwa ni aibu ya mtu mwenyewe. Akaja mtu ambaye aibu hiyo hakufundishwa.

Siku ya mchujo, uwanja wa Formby, Maurice alimaliza mashimo 18 kwa mikwaju 121. Kwa wasiocheza gofu: anayepiga mikwaju michache ndiye bora, na uwanja ule mchezaji mzuri alitegemewa apige kama 72. Yeye alizidisha 49. Ni matokeo mabovu kuliko yote yaliyowahi kuandikwa katika historia ya Open. Mwaka huohuo Johnny Miller alitwaa kombe pale Royal Birkdale, na kijana wa miaka 19 kutoka Uhispania, Seve Ballesteros, akashika nafasi ya pili pamoja na Jack Nicklaus. Hata hivyo, ukiingia leo kwenye chumba cha watu wasiojali gofu, aliyeshinda hawamjui. Wa mikwaju 121 ndiye wanayemsimulia.

Filamu iliyotengenezwa juu yake inaitwa The Phantom of the Open, ya mwaka 2021. Mwongozaji ni Craig Roberts, na Maurice anaigizwa na Mark Rylance. Nitairudia. Kwanza nataka tuuone ukoo wenyewe wa filamu hizi, kwa sababu hii si ya kwanza.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Filamu zote za ukoo huu zinamhusu anayekwenda kucheza kwa wenyewe. Na angalieni wanavyochagua mchezo. Si ndondi wala kandanda. Ni gofu, ni kuviringisha tufe kwenye majani yaliyokatwa kama zulia, michezo ambayo watazamaji huombwa wanyamaze. Ukipiga chafya sokoni hakuna anayegeuka. Ipige pale mtu ameinamia mpira wa mwisho, umati umeshika pumzi, hapo utajulikana ukoo wako mpaka babu wa tatu. Mchekeshaji wa kawaida hutoka jasho kuutafuta ukimya kabla ya kichekesho chake. Hapa ukimya ameukuta, na umewekwa kwa kanuni.

Chukua Caddyshack ya Harold Ramis, mwaka 1980, filamu ya klabu ya gofu. Mmoja wa walioiandika, Brian Doyle-Murray, alikuwa mbeba fimbo utotoni, yaani wa kuwabebea wachezaji wa gofu fimbo zao, yeye na ndugu zake, na mimi naamini ndiyo sababu filamu ile ina jicho kali namna ile. Mbeba fimbo humjua mheshimiwa kwa nyuma: anajua nani anausogeza mpira kwa kiatu akidhani haonekani. Kuna tukio moja ambalo wengi hulikumbuka kwa kihoja cha majini, mimi nalikumbuka kwa kibao. Wabeba fimbo wanaruhusiwa kuogelea kwenye bwawa la klabu, na kibao kinawakaribisha: kuanzia saa saba kamili hadi saa saba na robo. Dakika 15! Hakuna aliyetukanwa pale, hakuna aliyefukuzwa. Neno "karibuni" lipo limeandikwa vizuri kabisa. Mtu akiniuliza ungwana wa klabu ni kitu gani, namwonyesha kibao kile.

Waingereza nao walipeleka kichekesho hiki kwenye mchezo wa tufe, katika Blackball ya Mel Smith, mwaka 2003, iliyopata mbegu yake kwa mchezaji mmoja wa kweli wa huko Devon aliyefungiwa kwa utovu wa adabu. Kama filamu, sitawaficha, inayumba; imejaza kelele mahali ambapo ilitakiwa ituachie majani na ukimya. Lakini imebarikiwa vitu viwili. Cha kwanza ni jina. Katika klabu za zamani za Uingereza, mtu akiomba uanachama, wanachama walipitisha kura ya siri kwa kutumbukiza vijitufe kwenye sanduku: cheupe ni ndiyo, cheusi ni hapana. Kwenye klabu nyingi cheusi kimoja tu kilitosha kukufungia mlango, na hujui nani kakitia, wala huna wa kumuuliza. Cha pili ni tufe lenyewe. Tufe la mchezo ule halikuchongwa sawasawa pande zote; upande mmoja umetengenezwa hivi kwamba likipungua mwendo linapinda. Kwa hiyo mchezaji anayetaka kulifikisha kwenye kile kijitufe cheupe cha shabaha lazima alielekeze pembeni. Yaani kwenye uwanja ule kitu pekee chenye ruhusa ya kwenda upogo ni tufe. Filamu ilikuwa na dhahabu hii mkononi na ikaipita.

Halafu kuna Happy Gilmore, mwaka 1996, Adam Sandler. Hii mnaijua, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Kijana aliyeshindikana kwenye hoki ya barafu anagundua kwamba anaweza kuupiga mpira wa gofu yadi 400 kwa kuukimbilia, na anaingia mashindanoni ili aikomboe nyumba ya bibi yake inayodaiwa kodi. Anatukana, anapigana, anashangiliwa, anashinda. Nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri mbele ya wanafunzi wangu.

Lakini hapa ndipo penye hoja yangu, na najua wengine mtaikataa. Happy Gilmore si mwasi. Anapiga yadi 400, ndugu zangu! Klabu yoyote duniani itamvumilia mtu wa yadi 400. Itamnunulia suti, itamfundisha kushika kijiko, na baada ya miaka mitano utamkuta mlangoni akimwambia mtoto mwingine avue kofia. Mkorofi mwenye kipaji ni mwanachama aliyechelewa kufika. Ndiyo maana filamu za namna ile huisha kwa kombe: mfumo umekaguliwa, umeonekana mzima, ulikosea mtu mmoja tu na sasa umemrekebishia.

Mwasi hasa ni yule asiyejua kucheza na haondoki.

Baada ya Formby, wenye Open, yaani R&A, klabu ya gofu ya St Andrews huko Uskoti, walifanya linalotarajiwa: wakaziba tundu na wakamkataa. Katibu wao Keith Mackenzie, ambaye kwenye filamu anaigizwa na Rhys Ifans, alikuwa hataki kumsikia. Maurice akarudi. Akarudi kwa jina la Gerald Hoppy, akarudi kwa jina la James Beau Jolley. Litamkeni hilo la mwisho kwa haraka mtasikia Beaujolais, mvinyo wa Kifaransa. Kwa nini anarudi? Hana hata ndoto ya kombe. Anataka kucheza gofu kwenye mashindano yaliyoitwa "Open", wazi, na yeye analichukulia neno hilo kama lilivyoandikwa.

Sisi tunamfahamu mtu huyu. Ni Abunuwasi. Mnakumbuka ile sufuria? Aliiazima, akairudisha na kisufuria kidogo ndani, akasema imezaa. Mwenyewe akafurahi, akapokea. Mara ya pili akasema sufuria imekufa. Mwenyewe akafoka: sufuria inakufaje? Abunuwasi akamjibu kwamba aliyekubali imezaa hana budi kukubali imekufa. Hakuvunja kanuni yoyote. Aliishika kanuni ya mwenzake akaenda nayo mpaka mwisho wake.

Na hapo uigizaji wa Mark Rylance unastahili kuangaliwa kwa karibu. Mwigizaji mwingine angetukonyeza. Angetupa kile kitabasamu cha "mimi na nyinyi tunajua huu ni utani". Rylance hatupi. Anasema polepole, kama mtu anayechagua maneno asije akamuudhi mwenzake. Anaukosa mpira, anautazama, kisha anaanza kupanga miguu upya kwa makini yaleyale ya bingwa. Kicheko chote kimo ndani ya yale makini. Angecheka yeye, sisi tungenyamaza.

Ila kitu ninachokithamini zaidi kwenye filamu ile hakimo uwanjani. Kimo nyumbani. Maurice ana mtoto wa kambo, Michael, anayepanda vyeo kwenye kiwanda hichohicho cha meli. Wadogo zake wawili, pacha, wanacheza disko na wanamshabikia baba. Ni watoto wa burudani, hawana cha kupoteza. Michael anacho. Amejifunza lugha ya wakubwa, amevaa tai, anataka kuingia kwa mlango wa mbele kama watu, na gazeti linasema baba yake ni mchezaji mbovu kuliko wote duniani. Filamu nyingi za ukoo huu humweka adui klabuni, na hii nayo inaye katibu wake. Lakini anayeumia kweli kila mzee anapobadilisha jina ni huyu kijana mezani. Ukorofi wa mnyonge una bili, na mara nyingi anayeletewa ni yule wa kwao aliyekuwa karibu kukubaliwa. Sehemu hiyo Roberts angeiacha ichome kidogo zaidi. Mwishoni analainisha mno, muziki unapanda, watu wanakumbatiana. Nilihisi ninashikwa mkono nivushwe barabara.

Jambo moja pembeni, kisha nafunga. Angalieni orodha yangu yote ya leo: wakorofi wote ni wanaume. Si bahati mbaya. Ili uvunje adabu ya klabu lazima kwanza uwe umekaribia mlango wake, na klabu ya St Andrews ilipiga kura ya kupokea wanawake mwaka 2014. Mwaka 2014, nimesema. Filamu ya mwanamke mwenye mikwaju 121 bado inasubiri mtu wa kuiandika, na ukumbi huu umejaa waandishi.

Basi. Mwaka 1988 klabu moja ya Grand Rapids, Michigan, ambayo ilikuwa na mashindano yaliyopewa jina la Flitcroft, ilimwalika Marekani yeye na mkewe, wakapokewa kwa heshima. Kisa hicho ni kizuri, lakini kuna kingine ninachokipenda zaidi. Inasimuliwa kwamba baada ya Formby mwandishi mmoja wa habari alimpigia simu mama yake Maurice kumweleza kwamba mwanawe ameweka rekodi kwenye Open. Mama akauliza: ina maana ameshinda? Akaambiwa hapana, mama, ni matokeo mabovu kuliko yote yaliyowahi kutokea. Mama akasema, sasa si lazima aanzie mahali?

Nitapokea maswali. Yule bwana wa nyuma alikuwa ameinua mkono tangu kwenye Happy Gilmore.