Hajakata kauli: kiharusi, lugha na ubongo

Ndugu zangu, karibuni. Kuna neno tunalisema sana majumbani: "amekata kauli." Mzee kaamka, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, akiulizwa hajibu. Ndugu wanamzunguka kitandani na kuanza kuzungumzia shamba lake kana kwamba hayupo. Naye anasikia. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nimekubali kuja kuzungumza leo.

Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari wa upasuaji Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, aliyekuwa ameishi hapo miaka 21. Ukimuuliza lolote alijibu "tan, tan", hata wakamwita Tan. Lakini mengi aliyoambiwa aliyaelewa, na alijieleza kwa ishara. Asipoeleweka alikasirika, na hapo tusi zima lilimtoka. Baada ya siku chache alifariki, na Broca akakuta ubongo umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa namna nyingine: maneno yanawatiririka lakini hayashikiki maana, na wanachoambiwa hawakielewi. Kwao jeraha liko nyuma zaidi, jirani na sikio la kushoto. Hali zote mbili tunaziita afasia.

Turudi kwenye lile tusi. Limetokaje? Maneno yaliyozoeleka hayapiti njia ileile ya sentensi mpya. Nilikuwa na mgonjwa aliyeshindwa kusema "maji", midomo inahangaika, jasho linamtoka. Wakati wa swala akasoma Alhamdu yote bila kukwama. Mkewe akalia, akidhani siku zote hizo mume alikuwa anajifanya. Hakuwa anajifanya. Ilinichukua muda mrefu kumweleza mama yule, na sikuona ubaya kurudia.

Sasa, kiharusi kikipiga nusu ya kulia ya ubongo, mara nyingi usemi unabaki, ila umakini wa upande wa kushoto unaondoka. Bibi mmoja alikula wali wa upande wa kulia wa sahani, akasukuma sahani, akalalamika kwamba wamempa kidogo. Nikaizungusha tu. Akala uliobaki. Macho yake yalikuwa mazima kabisa.

Hata kumbukumbu hukatwa nusu. Mwaka 1978 Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwaambia wagonjwa wa namna hii wa Milano, Italia, wafikirie wamesimama kwenye uwanja wa mji wao walioujua vizuri, wakitazama kanisa kuu. Wakataja majengo ya kulia. Wakaambiwa wafikirie wamesimama mlangoni pa kanisa, wakitazama uwanja. Wakataja yale waliyoyaacha mwanzo! Kwa hiyo binti anayemgombeza mama yake kwa kuacha kuvaa mkono wa kushoto wa gauni, namwomba awe na subira: huo si ukaidi wala uzembe.

Mkiona uso umepinda, mkono umelegea au maneno yanagongana, kimbilieni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri kuche. Na kwa aliye nyumbani tayari: zimeni redio, kaeni mbele yake, msipige kelele, maana hajawa kiziwi. Ulizeni jambo moja, la ndiyo au hapana, halafu subirini. Subirini zaidi ya mnavyoona inatosha. Jibu linaweza kuja kwa kidole au kwa jicho. Na habari za shamba, mwulizeni mwenyewe.