Namba moja na kete zake: 4,294,967,297

Assalaam alaykum. Walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliotoka Wete na Mkoani kuja hapa Chake, ahsanteni. Leo nina namba moja tu.

Chukueni bao letu la mashimo 32. Shimo la kwanza tieni kete 2, la pili 4, la tatu 8, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Shimo la mwisho litataka kete 4,294,967,296. (Kete za bao ni 64, kwa hiyo hili halichezeki barazani.) Ongezeni kete moja. Namba yetu ndiyo hiyo: 2³² + 1.

Mwaka 1640, Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria aliyependa hisabati, alizitazama 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja ni 2 iliyopandishwa kwa kipeo fulani, jumlisha 1, na vipeo vyenyewe ni 1, 2, 4, 8 na 16. Zote tasa, yaani hazigawiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akaamini kwamba mlolongo huo hautakatika, ingawa uthibitisho hakuwa nao. Inayofuata ni hii yetu.

Mwaka 1732 Leonhard Euler akaikata: 641 × 6,700,417. Aliipataje? Kuzijaribu namba tasa zote hadi 65,536 ni kujaribu 6,542, kazi ya kumchosha mtu bure. Euler alionesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Basi wagombea wa mwanzo ni 193, 257, 449, 577, 641. Wa tano tu, mchezo umekwisha! Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia, si kwenye kugawa.

Sasa tuthibitishe bila ya kugawa kurefu. Andikeni.

641 = 5 × 2⁷ + 1. Kwa hiyo, tukihesabu mabaki ya kugawa kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Pandisheni kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1, maana alama ya kutoa imejifuta. Lakini 5⁴ ni 625, yaani 641 toa 16, kwa hiyo ni sawa na −2⁴. Tieni mahali pake: −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², ni sawa na 1. Basi 2³² + 1 haibakishi kitu. Wale wa nyuma, mmeona? Hatukuigusa hata tarakimu moja ya ile namba kubwa.

Tangu hapo haijapatikana tasa nyengine katika mlolongo huo baada ya 65,537. Ile ya 2⁶⁴ + 1, yenye tarakimu 20, ilivunjwa mwaka 1880 na Fortuné Landry, mzee wa miaka 82. Kigawo chake kidogo ni 274,177.

Kazi ya skuli: thibitisheni kwamba 6,700,417 ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na sharti la 64 bado lipo, kwa hiyo wagombea hawazidi 40. Anzeni kwa kuwatoa wasio tasa.