Zungusha kwa Kwaternioni Ndani ya Blender

Karibuni tena. Leo, ndani ya Blender, programu ya kuunda na kuhuisha vitu vya 3D, tunazungusha kitu kwa namba nne (kwaternioni) badala ya tatu. Katika aljebra yote, hapa ndipo ninapopapenda zaidi, maana kila kanuni unaiona ikicheza kwenye skrini.

Futa mchemraba, weka kichwa cha tumbili. Angalia pua yake inaelekea upande hasi wa Y. Ikumbuke hiyo pua. Bonyeza N, fungua paneli ya pembeni.

Kwanza tuone ugonjwa wenyewe. Kwa kawaida Blender inatumia namba tatu ziitwazo pembe za Euler, moja kwa kila mhimili: X, Y na Z. Weka Y nyuzi 90. Sasa buruta namba ya X. Kisha ya Z. Umeona? Zote mbili zinamzungusha kwenye mhimili uleule. Mhimili mmoja umepotea. Kamera inayopinduka hewani ikipita karibu na hapo, inayumba vibaya.

Rudisha sifuri. Kwenye menyu iliyo chini ya namba hizo chagua kwaternioni, ile ya WXYZ. W ni 1, zilizobaki ni sifuri: maana yake, usizungushe chochote.

Namba hizi alizigundua mwanahisabati William Rowan Hamilton tarehe 16 Oktoba 1843, akitembea kando ya mfereji huko Dublin, akachonga kanuni yake kwenye jiwe la daraja: i² = j² = k² = ijk = −1. Hizo i, j na k ndizo sehemu za X, Y na Z. Mwaka 1985 Ken Shoemake, mtaalamu wa michoro ya kompyuta, akaonyesha jinsi zinavyolainisha mizunguko ya uhuishaji. Zile zenye urefu wa 1 zinaunda kundi: ukizidisha mbili unapata nyingine ya humohumo, na kila moja ina kinyume chake.

Tuzungushe nyuzi 90 kwenye mhimili wa Z. Sikiliza vizuri: tunatumia NUSU ya pembe. W ni kosaini ya 45, Z ni saini ya 45, zote 0.7071. Ukijaza W peke yake tumbili hasogei, usishtuke, jaza na Z. Haya, amegeuka. Ukisahau nusu, ukaweka W sifuri na Z 1, atageuka nyuzi 180. Nusu ya pembe. Nusu.

Sasa fungua konsoli ya Python, dirisha la kuandika amri, uandike:

a = Quaternion((1,0,0), radians(90))
b = Quaternion((0,1,0), radians(90))
C.object.rotation_quaternion = a @ b

Pua inatazama chini. Badilisha mstari wa mwisho uwe b @ a. Pua imeelekea upande hasi wa X! Mizunguko ni ileile, mpangilio tu ndio umebadilika, kwa sababu ij ni k lakini ji ni −k. Kwenye a @ b, b ndiyo inayotangulia kufanya kazi, kwa hiyo soma kutoka kulia.

Chapisha a @ b uone: 0.5 mara nne. Hapa huwa natulia kidogo. Kosaini ya 60 ni 0.5, kwa hiyo pembe yenyewe ni nyuzi 120, na mhimili unapita kwenye kona ya mchemraba. X inakuwa Y, Y inakuwa Z, Z inarudi kuwa X. Robo mbili za mzunguko zimezaa theluthi moja. Nzuri sana hii.

Tuhuishe. Fremu ya 1, weka W 1 na nyingine sifuri, bonyeza I kurekodi. Fremu ya 40, weka W 0.7071 na Z 0.7071, bonyeza I. Cheza. Laini kabisa.

Subiri, usiondoke, hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Fremu ya 40, geuza alama: W −0.7071, Z −0.7071, bonyeza I. Tumbili amekaa vilevile, hajasogea hata kidogo. Sasa cheza. Ameenda upande mwingine, nyuzi 270! Kila mzunguko una kwaternioni mbili, q na −q, na Blender inasogeza kila namba kivyake kutoka fremu hadi fremu. Ukitazama fremu moja moja hutaliona kosa. Lazima ucheze.

Tiba yake: zidisha namba zote NNE kwa −1. Ukigeuza W peke yake umepata mzunguko wa kinyume, na pozi litaharibika. Zote nne. Kisha bonyeza I tena, la sivyo ukisogeza fremu alama za zamani zinarudi. Kwa mifupa ya mhusika, ingia kwenye hali ya pozi. Menyu yake ina amri ya kugeuza alama zote kwa mkupuo.

Ukishamaliza, fungua kihariri cha grafu. Mstari wowote unaovuka sifuri ghafla kati ya fremu mbili ulizorekodi, anza kukagua hapo.