Shiraz ya shamba moja: leo tunaonja Mount Edelstone

NEEMA: Haya wasikilizaji karibuni, mezani leo kuna Mount Edelstone, mvinyo mwekundu wa familia ya Henschke, wa zabibu aina ya shiraz za Eden Valley, jimbo la Australia Kusini. Kelvin ameshaanza kunusa hata sijamaliza kusalimia watu.

KELVIN: Aisee niache kwanza, hii nimeimimina kwenye jagi saa nzima iliyopita na sasa ndo inaanza kufunguka, nasikia zambarau zilizoiva kabisa, majani makavu ya viungo, halafu pilipili manga hiyoo! Unaisikia?

NEEMA: Pilipili manga hamna. Zambarau sawa, karafuu kwa mbali, basi.

KELVIN: Ebu zungusha glasi unuse tena. Bado? Basi we ni kati ya wale. Kuna kitu kinaitwa rotandoni, watafiti wa Australia walitangaza 2008 kwamba ndo kinaleta ile harufu kwenye shiraz, na ndo hichohicho kinachoipa pilipili manga yenyewe harufu yake. Sasa kama mtu mmoja kati ya watano hakisikii kabisa.

NEEMA: Kwahiyo pilau zote za maisha yangu nimedhulumiwa?

KELVIN: (anacheka) Pole dada.

NEEMA: Haya nieleze, bei yote hii ya nini? Zabibu si zabibu tu.

KELVIN: Unalipia shamba moja. Mizabibu ya pale ilipandwa 1912, na toka mavuno ya 1952 wanatia chupani zabibu za hapo tu. Sasa chukua Grange, mvinyo wa kampuni ya Penfolds, ile aliyoianzisha mtengenezaji wao Max Schubert 1951, wale wanachanganya zabibu za mashamba tofauti, kwahiyo sehemu moja ikiharibikiwa wanaegemea nyingine. Huku hamna pa kujificha, jua likizidi utalionja, mvua ikinyesha wakati wa kuvuna utaionja pia.

NEEMA: Mi naona wanaochanganya ndo wana akili bwana.

KELVIN: Grange siidharau hata kidogo. Ila angalia kaka yake hii, Hill of Grace ya Henschke haohao, chupa inapita dola 800 za Australia, mwaka 1974 na 2000 hawakuitoa kabisa kwasababu zabibu hazikufikia kiwango. Kuna mizabibu pale ya miaka ya 1860 hivi, ng'ambo ya barabara kuna kanisa la Kilutheri la Gnadenberg, lilijengwa na wahamiaji wa Kijerumani.

NEEMA: Ya 1860 na bado inazaa? Si kuna mdudu alimaliza mizabibu yote ya Ulaya?

KELVIN: Filoksera, huyo anakula mizizi. Ufaransa ilibidi wabebeshe mizabibu yao kwenye mashina ya Marekani ndo ikapona. Jimbo la Victoria kule Australia aliingia, ila Australia Kusini hajawahi kufika, wanalinda mipaka kwelikweli, kwahiyo vizee vile vinasimama kwenye mizizi yake vyenyewe. Na vinazaa kidogo mno.

NEEMA: Wakati Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka!

KELVIN: Kule Australia Kusini baridi ikija mzabibu unalala, mavuno ni mara moja tu. Haya onja sasa, usimeze haraka.

NEEMA: Mmh. Ukakasi upo ila haukamati ulimi kama bibo, unapita taratibu halafu uchachu unakuja nyuma unasafisha mdomo. Na haina ule utamu wa jamu niliouzoea kwenye shiraz za Australia.

KELVIN: Shamba lao liko juu, kama mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, usiku kunapoa, ndo maana uchachu haupotei.

NEEMA: Mbona sasa naanza kusikia pombe pombe?

KELVIN: Joto hilo. Watu wamekariri mvinyo mwekundu unanywewa kwa joto la chumbani, chumba cha wapi sasa, hiki cha Dar? Nyuzi 16 mpaka 18, yani friji dakika ishirini kwanza.

NEEMA: Basi lete jagi nilirudishe frijini, na we acha kujiongezea.