Kinyozi wa Omaha na Kitabu cha Kanuni

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kunikaribisha. Mtu ninayetaka tumzungumzie jioni hii ni Ernie Chambers, aliyekuwa mjumbe wa Bunge la jimbo la Nebraska, Marekani, kwa miaka 46. Katika historia ya Nebraska hajatokea aliyemzidi.

Kwanza bunge lenyewe. Majimbo mengine yote ya Marekani yana mabaraza mawili. Nebraska, tangu 1937, ina moja tu. Wajumbe ni 49, na kwenye karatasi ya kura chama cha mgombea hakiandikwi. Mahali kama hapo, mjumbe mmoja aliyezisoma kanuni akazimeza anaweza kuzuia gari zima.

Chambers alizaliwa Omaha, mji wa Nebraska, mwaka huohuo wa 1937. Alikuwa kinyozi katika mitaa ya Weusi kaskazini mwa mji, na walikuwa watu wa mitaa hiyo waliomchagua mwaka 1970. Bungeni aliingia na jinzi na fulana, wenzake wakiwa na suti na tai. Shahada ya sheria aliipata Chuo Kikuu cha Creighton, lakini kujiunga na chama cha mawakili alikataa katakata.

Silaha yake ilikuwa muda. Mswada asioutaka aliurundikia marekebisho, akasimama kulitetea kila moja, saa baada ya saa, hadi wenye mswada waje kuzungumza naye. Wapo waliomwita mkorofi. Mimi naona mtu anayewakilisha wachache hana njia nyingine ya kufanya wengi wamsikilize.

Na sisi Waafrika tuna deni kwake. Mwaka 1980, kwa azimio alilolipeleka yeye, Nebraska ilikuwa jimbo la kwanza kutaka fedha za umma ziondolewe kwenye kampuni zilizofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu. Jimbo la wakulima wa mahindi, jamani, lenye Weusi wachache kabisa!

Mwaka 2000 wapiga kura waliweka ukomo wa vipindi viwili mfululizo, na wengi waliamini aliyelengwa ni yeye. Akatoka mwanzoni mwa 2009, akangoja miaka minne inayotakiwa, akagombea, akarudi.

Lakini kazi ya maisha yake ilikuwa kufuta adhabu ya kifo. Alipeleka mswada huo karibu kila mwaka. Mwaka 1979 ulipita, gavana akaukataa. Tarehe 20 Mei 2015 ukapita tena, Gavana Pete Ricketts akatumia kura yake ya turufu. Safari hii, tarehe 27 Mei, wajumbe wakaitengua, kura 30 kwa 19, na zilizohitajika zilikuwa 30 kamili. Ingepungua moja tu, miaka yote ile ingekwenda na maji.

Novemba 2016 wananchi wakairudisha adhabu hiyo kwa kura ya maoni. Mwaka 2019 mswada wa kuifuta ulikuwa mezani tena, umeletwa na Chambers, na ukaanguka. Januari 2021 ukomo ulimtoa mara ya pili, akiwa na umri wa miaka 83.